Hadhi na Wepesi wa Kufuatilia Mashindano ya Sataranji ya Kompyuta: Mtazamo kutoka Rubondo, Nakivale

Rubondo ni mojawapo ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Nyingine ni Juru na Base Camp. Humo Mkongo na Mrundi hukutana katika Kiswahili. Makala haya yanachukulia msomaji wa aina hiyo, mwenye simu na bando dogo, na kuuliza ni nini kinachoyapa mashindano ya sataranji baina ya programu za kompyuta hadhi, na ni nini kinachomwezesha kuyafuatilia.

Ubingwa wa dunia wa programu hizo ulianza Stockholm mwaka 1974, ukatwaliwa na Kaissa ya Umoja wa Kisovieti. Hadhi yake ilitikisika mwaka 2011, chama kilichokuwa kikiusimamia kilipoivua Rybka mataji ya 2007 hadi 2010 kwa kosa la kunakili kazi za wengine. Mashindano ya TCEC, yaliyoanza mwaka 2010, yamejijengea jina kwa njia nyingine. Programu huchezeshwa kwenye mitambo ya mwandalizi. Kila mwanzo wa mchezo huchezwa mara mbili, pande zikibadilishana rangi, na fainali huwa na michezo 100, hivyo bahati hupungua. Zaidi ya hayo, fikra za programu huoneshwa hadharani: tathmini, kina cha utafutaji na hatua zinazotarajiwa. Mtazamaji hahitaji kumwamini mwamuzi; anajionea.

Wepesi ni suala la uzito wa data. Mchezo wa hatua 60 kwa kila upande, ukiandikwa kwa ishara za kawaida, hauzidi herufi elfu moja. Video ya dakika moja hula data nyingi zaidi ya hapo. Aliyeko Mbarara mjini huenda asiione tofauti hiyo. Kwa anayehesabu kila shilingi ya bando, ndiyo inayoamua. Aidha, mchezo mmoja huchezwa baada ya mwingine, kwa hiyo mtu aweza kuondoka na kurudi bila kupotea.

Ugumu umo katika herufi zenyewe. Farasi huandikwa N kwa desturi ya Kiingereza. Mkongo aliyesoma kwa Kifaransa amezoea C, na F kwake ni askofu. Kiswahili kikitaka herufi zake, F itakuwa farasi, nayo M itagombaniwa na mfalme na malkia. Kuongeza seti ya tatu ya herufi kungemchanganya msomaji yuleyule. Njia bora ilikwisha kutumika: Šahovski Informator, kilichoanza kutolewa Belgrade mwaka 1966, kilieneza matumizi ya vipicha vya kete badala ya herufi, na vipicha hivyo vimo katika Unicode.

Kinachohitaji Kiswahili, basi, ni maelezo. Kwa desturi, tathmini ya +1.50 humaanisha kwamba Weupe wana faida inayokadiriwa kuwa sawa na kitunda kimoja na nusu. Sentensi moja kama hiyo yatosha, lakini lazima iandikwe. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Washauri wa sera wanaotafuta matini za kusomesha nje ya vitabu vya kiada wangeweza kuanza na orodha ya istilahi zisizozidi 20: kete sita, mwanzo, sare, kina, tathmini, na chache nyingine, zikijaribiwa kwanza na wasomaji wa Rubondo kabla ya kuchapishwa Kampala.