MWAMBA, KISIMA NA TAA: Kwa Nini Mchungaji Asikilize Mhadhara wa Mtaalamu wa Maji

1. Utangulizi

Vyuo vikuu vina desturi ya kuwaalika wataalamu wa nje watoe mihadhara juu ya maji, nishati na elimu ya miamba. Katika kisiwa cha Unguja elimu ya namna hii haiko mbali. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwapo Zanzibar tangu mwaka 1978, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianza kufundisha mwaka 2001. Hata hivyo, wengi wetu tulio katika utumishi wa Neno huidhania kuwa ni elimu ya wengine. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba mambo hayo matatu ni jambo moja, na kwamba latuhusu.

2. Mwamba

Sehemu kubwa ya Unguja imejengwa juu ya mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe. Mlango wa bahari unaokitenga kisiwa na bara hauna kina kirefu. Katika enzi ya barafu, bahari iliposhuka, Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Wakulima hawakungoja mtaalamu ili waijue ardhi yao: tangu zamani hutofautisha kichanga, kinongo, kinamo na uwanda. Magharibi udongo ni wa kina na chemchemi zipo. Mashariki ni uwanda, yaani mawe yenye udongo haba, ambako mvua ikinyesha huzama mara moja.

3. Maji

Mvua ya masika na ya vuli iliyozama haipotei. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, huelea juu yake ndani ya mwamba. Kanuni iliyogunduliwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 yasema kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo takriban mita 40 chini yake. Maana yake ni nzito: tukivuta maji hata usawa wake ukashuka mita 1, chumvi yaweza kupanda kwa mita 40. Kwa hiyo, kisima cha pwani kinachovutwa kupita kiasi, kiwe cha hoteli au cha kijiji, chaweza kuharibika chote.

Tena mwamba wenye matundu hauchuji uchafu vizuri. Choo kilichochimbwa karibu na kisima huweza kupeleka maradhi moja kwa moja kwa jirani. Mji Mkongwe waijua habari hii kwa machungu. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana, kama alivyoeleza tabibu James Christie aliyekuwapo Unguja wakati huo. Baada yake Sultani Barghash, aliyetawala toka 1870 hadi 1888, aliagiza maji ya chemchemi za upande wa Bububu yaletwe mjini kwa mfereji.

4. Nishati

Leo maji mengi ya mji huvutwa kwa pampu za umeme, na umeme huo hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 njia hiyo ilipata hitilafu, na Unguja ikakaa gizani karibu wiki nne. Toka Desemba 2009 hadi Machi 2010 giza likarudi, mara hii kwa miezi mitatu. Taa zilizimika, lakini lililoumiza zaidi ni mabomba kukauka. Wenye jenereta walijimudu. Akina mama na watoto walibeba ndoo. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013. Hata sasa, mvua inyeshayo katika nyanda za juu za kusini, ikazungusha mitambo ya mto Rufiji, ndiyo huchangia kujaza ndoo ya mtu wa Mkunazini.

5. Latuhusuje?

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther alipoifafanua ombi la mkate wa kila siku, alihesabu humo kinywaji, hali njema ya hewa, serikali njema na majirani waaminifu. Basi anayeliomba ombi hilo huko Unguja anaomba pia mwamba usafishwe na pampu iendeshwe kwa haki. Habari za visima vya Isaka (Mwa. 26) zatuonyesha kwamba ugomvi wa maji si mpya, na kwamba amani huja pale nafasi inapopatikana kwa wote.

Wakristo wa Unguja ni wachache kati ya majirani Waislamu. Maji ya ubatizo na maji ya udhu hutoka katika mwamba ule ule. Hakuna usharika uwezao kujichimbia wokovu wake wa maji peke yake.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Paa la kanisa likinge mvua, na tangi liwe wazi kwa jirani. Kabla ya kuchimba kisima au choo, ushauri wa mtaalamu utafutwe. Na vyuo vyetu vya theolojia viwaalike wataalamu hao, wanafunzi wawasikilize kwa makini kama wasikilizavyo ufafanuzi wa Maandiko. Kwa maana mchungaji asiyejua maji ya watu wake yanatoka wapi hatajua pia ni nani kati yao anayeyakosa.