Hofu ya Hesabu
Wazazi wa Mangobo, twaona watoto wenu waliofaulu Mtihani wa Serikali wakiomba nafasi ya kusomea biashara, wengine katika Chuo Kikuu cha Kisangani kilichoanza mwaka 1963. Barua zao zimejaa majivuno, kumbe usiku hawapati usingizi kwa kuogopa hesabu. Kwa nini wafiche? Musa alimwambia Mungu waziwazi kwamba ulimi wake ni mzito, akapewa Haruni. Naye Luca Pacioli, mtawa Mfransisko, katika kitabu kilichopigwa chapa Venezia mwaka 1494, alimwagiza mfanyabiashara aanze kwa kuandika mali yake yote, na madeni yake yote pia. Basi mtoto akikiri kwamba hesabu zinamtisha, msimcheke. Mtafutieni mwalimu kabla masomo hayajaanza.