Mbona salio linakuja haraka lakini taarifa inachelewa?

Mwisho wa mwezi ukifika, swali tunaloulizwa sana ni hili: ukiangalia salio jibu linakuja papo hapo, lakini ukiomba taarifa ya miamala, simu inazunguka tu. Wengi husema network imelala, na kuna siku huwa kweli. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haiko kwenye simu yako wala kwenye mtandao. Ukiijua, inaweza kukuokolea pesa.

Njia ya jana

Rekodi za miamala hukaa kwenye hifadhidata, ambayo huulizwa maswali kwa lugha ya SQL. Swali lenyewe husema tu kinachotakiwa, kwa mfano miamala 10 ya mwisho ya namba fulani. Halisemi itafutwe vipi. Hifadhidata ndiyo hujichagulia njia: ipitie faharasa, ama isome rekodi zote moja moja? Namna ya kuchagua kwa kulinganisha gharama ya kila njia ilielezwa mwaka 1979 na Patricia Selinger na wenzake wa IBM, na bado inatumika.

Kupanga njia pia huchukua muda. Kwa hivyo mpango ukishatengenezwa, huwekwa kwenye kache na kutumika tena na tena.

Shida huja hali ikibadilika. Tuseme mpango ulitengenezwa kwa mama mboga anayepokea malipo machache kwa siku, kisha ukatumika kwa duka la jumla lenye maelfu ya malipo. Ni kama dereva wa matatu kufuata Ijumaa jioni njia aliyoizoea Jumapili asubuhi. Gari ni zima, lakini njia si ya saa hiyo. Salio haliathiriki sana kwa sababu ni rekodi moja tu ya kusoma.

Kwani mbona ya jirani inafunguka?

Mifumo mikubwa hugawa kazi kwa seva nyingi. Kwenye hifadhidata kama TiDB, kila seva ya SQL huweka kache yake. Ombi lako likiangukia seva yenye mpango mbaya, unangoja. La jirani likiangukia nyingine, linapita.

Dawa ni kufuta mpango huo ili upangwe upya. Kwenye TiDB amri ni ADMIN FLUSH INSTANCE PLAN_CACHE, nayo husafisha seva moja tu, ile uliyounganishwa nayo. Fundi akisahau nyingine, malalamiko yanaendelea.

Tena si amri ya kutumia ovyo. Ukifuta mipango yote saa ya msongamano, kila swali litapangwa upya kwa pamoja na seva zitalemewa. Pia, kama takwimu ambazo hifadhidata hutumia kuchagua njia ni za zamani, mpango mpya utakuwa mbaya vilevile. Takwimu husasishwa kwanza.

Kinachofutwa hapo ni njia za kutafutia peke yake. Pesa zako na rekodi zako haziguswi.

Wewe ufanye nini?

*Usitume mara mbili.* Taarifa kuchelewa haimaanishi malipo yamekataa. Ukituma tena kwa haraka, mfumo unaweza kuhesabu malipo mawili, na kurudishiwa hutegemea kama aliyepokea bado hajatumia. Angalia salio kwanza, ungoje SMS, ndipo uamue. Kama ni dukani, mwulize muuzaji kama yamefika.

*Usihangaike na kache ya simu.* Kufuta kache ya programu kwenye simu huondoa faili za muda za simu yako tu, hakufiki kwa seva. Na ukifuta data yote ya programu, itabidi uingie upya.

*Usimpe mtu PIN.* Sistimu ikiwa pole, matapeli hupiga simu wakisema eti wanasafisha akaunti yako, wataje PIN ama ile namba ya uthibitisho iliyokuja kwa SMS. Kazi yote tuliyoeleza hapa hufanyika kwenye seva, na hakuna hatua hata moja inayohitaji PIN ya mteja. Akiuliza, kata simu, kisha utupigie kwa namba rasmi ya huduma kwa wateja.