Chura Wanaozaa wa Uluguru na Siku 28 za Mwanzo

Darasani tulifundishwa kwamba chura hutaga majini, yai huangua kiluwiluwi, kisha miguu huota na mkia hupotea. Juu ya Mgeta, mashamba ya kabichi na njegere yanapoishia na msitu wa Uluguru kuanza, wapo chura wasiofuata somo hilo. Ni wa jenasi ya Nectophrynoides, ambayo inajulikana Tanzania tu. Mayai hurutubishwa ndani ya mwili wa jike na kubaki humo, hadi wazaliwe vichura wenye miguu yote minne. Kondo la nyuma hakuna. Kila kichura huishi kwa akiba ya kiini cha yai lake. Nectophrynoides minutus, mmoja wa jamaa hao, hata akikomaa hafikii sentimeta tatu, na bado anabeba mimba.

Mjerumani Gustav Tornier alipoandika mwaka 1905 kuhusu chura wa Tanzania anayezaa, ilikuwa habari ngeni kabisa. Wanasayansi walikuwa wamewazoea chura kwa sababu hawafichi kitu: yai liko nje, unalitazama likigawanyika. Kabla yao Aristotle alipasua mayai ya kuku siku baada ya siku, akaona moyo ukidunda. Yai la mamalia lilichelewa kuonekana hadi 1827, Karl Ernst von Baer alipolikuta kwa mbwa.

Jaribio ninaloliona kuu kuliko yote lilifanywa Freiburg na Hilde Mangold, mwanafunzi wa Hans Spemann. Alichukua kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda, jamaa wa chura mwenye mkia, akakipandikiza tumboni mwa kiinitete kingine. Hapo ukaota uti wa mgongo wa pili, karibu mwili mzima wa pili. Kumbe seli chache huziamuru jirani zake ziwe nini. Matokeo yalichapishwa 1924. Mwaka huohuo Hilde alifariki kwa kuungua moto, akiwa na miaka 25. Tuzo ya Nobel ya 1935 alipewa Spemann.

Uti huo huanza hivi: mgongoni mwa kiinitete hutandazika utando bapa, kingo zake huinuka na kukutana kuwa mrija, kama karatasi inavyoviringishwa kufungia karanga. Ncha moja ya mrija huo huwa ubongo, sehemu iliyobaki huwa uti wa mgongo. Ndivyo ilivyo kwa chura, na kwa mtoto wako pia. Kwa binadamu mrija hufunga kufikia siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa, wakati ambao mama wengi ndio kwanza wanashangaa hedhi imechelewa. Usipofunga chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Asidi ya foliki husaidia mrija huo kufunga. Kwa hiyo vidonge vyake vinavyosubiri hudhurio la kwanza la kliniki huwa vimechelewa kwa kazi hii, ingawa damu bado inavihitaji. Utafiti uliochapishwa 1991 ulionyesha kwamba kwa wanawake waliowahi kupata mtoto wa aina hiyo, kuvianza kabla ya mimba kulipunguza marudio kwa asilimia 72. Njegere, maharage na mboga za majani za Mgeta zina folati, lakini kuchemsha sana huipunguza. Unga wa viwandani mara nyingi huongezewa asidi ya foliki. Ule wa mashine ya kijijini, kwa kawaida, hapana. Anayepanga mimba anahitaji mikrogramu 400 kila siku. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi kubwa zaidi, na hiyo huandikwa na daktari.