Mdudu wa milimita moja atishia biashara ya mahindi mipakani

MFANYABIASHARA wa mahindi akifika Namanga, Busia au Rusumo huulizwa hati zake. Msafiri mmoja haulizwi: kithiripi wa mahindi, mdudu wa manjano mwenye urefu wa takriban milimita moja, anayejificha ndani ya kiini cha mche na kwenye nyasi za kando ya shamba.

Kithiripi hukwangua jani na kufyonza utomvu, akiacha michirizi ya rangi ya fedha. Hatari kubwa zaidi ni virusi anavyovibeba. Vikikutana katika mmea mmoja na virusi vingine vinavyoenezwa na vidukari, huleta batobato kali la mahindi. Majani hugeuka manjano na kukauka kuanzia kingoni, na gunzi hubaki na punje chache au bila punje.

Ugonjwa huo uliripotiwa Kenya Septemba 2011, katika eneo la Bomet. Mwaka 2012 ulikuwa umefika Tanzania na Uganda, na mwaka 2013 Rwanda. Shamba lililoshambuliwa vikali huweza kupoteza mavuno yote, na shamba likikosa mahindi, lori hukosa mzigo.

Mdudu huchukuliwa na upepo, lakini biashara nayo inaweza kumsafirisha. Mabua mabichi na majani ya kulisha mifugo kutoka eneo lenye ugonjwa hayafai kuvushwa. Virusi hupita pia kwenye mbegu, ingawa kwa kiwango kidogo. Kwa hiyo gunia la mahindi ya chakula lisiuzwe kama mbegu. Mbegu iwe iliyothibitishwa, yenye lebo.

Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, cheti rahisi cha uasili wa bidhaa humwondolea mfanyabiashara mdogo ushuru wa forodha. Hata hivyo, hakichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea, ambacho hutolewa na KEPHIS nchini Kenya, TPHPA Tanzania, na Wizara ya Kilimo Uganda.

Wakulima hushauriwa kung'oa mimea iliyougua, kupalilia nyasi na kupanda maharage au viazi ili shamba lipumzike na mahindi kwa angalau miezi miwili. Msimu huo mnunuzi anayefika kutafuta maharage humsaidia mkulima kufuata ushauri huo, na msimu unaofuata atayakuta mahindi.