Sakafu ya gereji: usihadaike na mng'aro

Je, ndugu msomaji, chombo chako hulala wapi? Ikiwa makazi yako ni Tudor, Kizingo au Ganjoni, huenda una gereji kando ya nyumba. Lakini ikiwa u mwenyeji wa Kibokoni, Kuze au Ndia Kuu, vichochoro ni vyembamba na si kila mahali gari hupita. Huko chumba cha chini, ambacho zamani kilikuwa ghala au duka, ndicho kinacholaza pikipiki, tuktuk au mkokoteni wa nyumba. Kila asubuhi mna doa jipya la oili, vumbi la saruji linapanda ngazi na nyayo za watoto, na mwenye kufagia hapumziki.

Ndipo baba mwenye nyumba anapokwenda duka la vifaa vya ujenzi, akaonyeshwa mkebe wa rangi inayong'ara kama kioo. Fedha zinatolewa, fundi anaitwa, sakafu inapakwa kwa siku moja. Majirani wanakuja kutazama. Masika moja tu ikipita, rangi imevimba malengelenge na kubabuka, na magurudumu yanaondoka na maganda yake. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Makala haya yanakusudia kukuepusha na hasara hiyo.

IJUE SAKAFU YAKO KWANZA

Katika kisiwa cha Mombasa kuna sakafu za namna mbili kuu. Ya kwanza ni ya chokaa. Wazee wetu walichoma mawe ya matumbawe, wakapata chokaa, wakaichanganya na mchanga na kokoto za mawe hayo hayo, kisha ikapigiliwa kwa vipande vya mti mpaka ikashikana. Kuta nene za nyumba hizo pia ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hushikwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vingi vya Mji wa Kale ni virefu lakini vyembamba.

Sakafu ya pili ni ya zege ya saruji. Hii ilienea zaidi baada ya kiwanda cha saruji cha Bamburi kuanza kazi mwaka 1954. Nyumba nyingi za kale nazo zimewahi kumwagiwa saruji juu ya chokaa, kwa hiyo usiamini macho. Tafuta pembe iliyovunjika uchungulie kilicho chini, au mwite fundi mzee wa mtaa akuangalizie.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Nyumba ya chokaa hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hupenya sakafuni na kutokea juu kidogo kidogo, ukakaushwa na upepo. Ukiifunika sakafu kwa rangi isiyopitisha maji, unyevu haupotei, bali hutafuta njia nyingine, nayo ni ukuta. Hupanda na chumvi yake, lipu ikamomonyoka na rangi ya ukuta ikaota unga mweupe. Utakuwa umeokoa sakafu na kupoteza ukuta.

VIPIMO VIWILI VISIVYO NA GHARAMA

Kabla hujanunua chochote, fanya hivi. Chukua kipande cha nailoni safi isiyo na rangi, kama sentimita 45 kwa 45. Kitandaze sakafuni, ubandike pande zote nne kwa utepe wa gundi ili hewa isipite, kisha kiache usiku kucha hadi siku ya pili. Ukikifunua ukakuta matone ya maji chini yake, au sakafu imegeuka nyeusi, jua kwamba unyevu unapanda. Rudia katika pembe mbili tatu.

Kipimo cha pili ni cha tone la maji. Nyunyiza maji sakafuni. Yakinyonywa, sakafu iko wazi na itapokea rangi. Yakisimama kama maji juu ya jani la mgomba, basi kuna oili, nta au rangi ya zamani, na chochote utakachopaka juu yake hakitashika.

UCHAGUZI ULIO MBELE YAKO

Rangi ya kawaida ya sakafu, ile ya mkebe mmoja, ni rahisi kupaka na bei yake ni nafuu. Yafaa chumba cha kupitia watu. Kwa gereji haidumu, kwani petroli na mafuta ya breki huilainisha, na gurudumu lenye moto huing'oa.

Epoksi huja katika mikebe miwili, rangi na dawa yake ya kuigandisha. Ikishika vizuri juu ya zege kavu, huwa ngumu na haipenyi oili. Ila ina masharti. Haitaki unyevu kutoka chini, na jua likiipiga mlangoni hugeuka manjano. Kwa sehemu ya jua, mafundi humalizia kwa mpako wa poliurethini unaostahimili mwanga.

Dawa ya silikati si rangi. Ni maji maji yanayoingia ndani ya zege, yakaungana na chokaa iliyomo kwenye saruji na kuifanya ngumu. Huondoa vumbi na haibabuki, kwa kuwa hakuna ngozi ya kubabuka. Upungufu wake ni kwamba oili ikiachwa muda mrefu bado itatia doa.

Saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta, ile ya nyumba za bibi zetu, inapendeza mno barazani na ukumbini. Chini ya pikipiki huwa mtelezo, hasa oili ikidondoka.

Vigae navyo ni vizuri vikiwa vya aina ngumu na yenye mikwaruzo, tena vikilazwa juu ya saruji iliyojaa bila uwazi. Pakiwa na uwazi chini, jeki moja tu yatosha kukivunja kigae.

Je, mwenye sakafu ya chokaa afanye nini? Ushauri wetu ni kwamba asiifunike. Aizibe mashimo kwa chokaa, si kwa saruji, kisha aweke sinia la bati lenye mchanga au vumbi la mbao chini ya injini. Oili itadondokea humo, na mchanga utabadilishwa. Ikiwa nyumba imo katika Mji wa Kale na anataka kubomoa sakafu au kupanua mlango, apite kwanza katika ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale, iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Huo mtaa ni eneo linalohifadhiwa, na ruhusa huombwa kabla ya nyundo kuinuliwa.

MATAYARISHO NDIYO KAZI YENYEWE

Kwa mwenye zege kavu aliyechagua epoksi, kazi kubwa ni kabla ya kupaka. Zege mpya iachwe siku 28. Zege ya zamani ioshwe kwa sabuni na maji moto, isuguliwe kwa brashi ngumu mpaka tone la maji linyonywe. Kisha isuguliwe kwa mashine au msasa mpaka uso wake ukwaruze kidole. Wako mafundi wanaotumia tindikali badala yake. Katika nyumba ya matumbawe usikubali kabisa, kwani tindikali hula chokaa ya ukutani kama inavyokula sakafu.

Chagua na msimu pia. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua zikiwa chache, ndio wakati mwafaka. Masika usijaribu. Hata wakati wa ukavu, usianze alfajiri sakafu ingali inatoa jasho, kwa sababu epoksi ikipata maji kabla ya kuganda huota utando mweupe. Changanya kidogo kidogo. Joto letu la pwani huigandisha haraka, na mkebe mzima waweza kuwa jiwe mkononi mwa fundi. Ikishapakwa, gari lisiingie kwa siku saba au kama mkebe unavyoelekeza.

Hesabu nayo si ngumu. Gereji ya mita 3 kwa 6 ni mita 18 za mraba. Mkebe ukisema lita moja hupaka mita 6, mpako mmoja ni lita 3, miwili ni lita 6. Ongeza kidogo kwa kinachobaki kwenye rola. Fundi akikuomba mara mbili ya hapo, muulize sababu.

USALAMA WA WALIO JUU

Katika nyumba zetu, familia hulala juu ya chumba hicho. Siku ya kupaka, watoto, wazee na mwenye pumu walale kwa jamaa. Milango iwe wazi, jiko lisiwashwe karibu, sigara marufuku. Fundi avae glavu, maana dawa ya kugandisha epoksi ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kumletea mzio wa maisha. Mchanga mkavu ukinyunyizwa kwenye mpako kabla haujakauka utazuia kuteleza. Na sakafu ikiwa nzuri kiasi gani, usiwashe injini mlango ukiwa umefungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua.

Basi msomaji, kabla ya kufungua pochi, jiulize mambo matatu: sakafu ni ya nini, unyevu upo au haupo, na ni nani alalaye juu. Ukishapata majibu, duka litakuuzia unachohitaji wewe, si anachotaka kuuza yeye mwenye duka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika Mji wa Kale ukuta wa matumbawe ukianguka, fundi wa kuujenga tena kama ulivyokuwa si rahisi kumpata.