Vichochoro vya York: Historia iliyojificha katika majina na mawe

MGENI anayefika York, mji wa kale ulioko kaskazini mwa Uingereza, hutatizwa kwanza na majina ya barabara zake. Nyingi huishia kwa neno "gate", ambalo katika Kiingereza cha leo humaanisha lango. Hata hivyo, mjini York "gate" ni barabara. Lango lenyewe huitwa "bar".

Sababu ni kwamba mwaka wa 866 mji huo ulitekwa na Waviking kutoka Skandinavia, ambao katika lugha yao njia iliitwa "gata". Utawala wao ulikwisha zamani, lakini neno lao limekwama kutani hadi leo.

Nao walikuta mji wenye umri mkubwa. Warumi ndio waliojenga ngome hapo mwaka wa 71 Baada ya Kristo, na Stonegate ya leo ingali inafuata mkondo wa barabara yao iliyoelekea katika makao makuu ya ngome. Mabaki ya makao hayo yamo chini ya kanisa kuu la mji.

Mfano unaonivutia zaidi ni Coppergate. Mtu angedhani jina hili linahusu shaba. La, hasha! Linatokana na neno la Kiskandinavia la mafundi waliochonga vikombe vya mbao. Wachimbuaji wa mambo ya kale walipofukua eneo hilo kati ya 1976 na 1981, walipata vikombe, mabakuli na masalio ya mbao zilizochongwa. Jina lilikuwa limesema kweli kwa takriban miaka elfu moja.

Lakini njia maarufu kuliko zote ni Shambles, iliyokuwa mtaa wa wauza nyama. Jina lake latokana na neno la kale la meza za kupangia nyama. Nyumba zake za mbao, ambazo baadhi ni za karne ya 14 na 15, zina orofa za juu zilizojitokeza mbele hata zikakaribia kugusana. Umbo hilo liliwafaa wauza nyama, kwa kuwa lilizuia jua lisiozeshe bidhaa yao. Katikati ya njia palikuwa na mkondo wa kusukumia damu na matumbo kwa maji. Mtalii anayepigwa picha hapo leo angeziba pua.

Mke wa mmoja wa wauza nyama hao, Margaret Clitherow, alishtakiwa mwaka wa 1586 kwa kuwaficha makasisi wa Kikatoliki, kosa kubwa enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Alikataa kujibu mashtaka, kwani kesi ingeendelea wanawe wangelazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mama yao. Adhabu ya kukataa ilikuwa kulazwa chini, kufunikwa kwa mlango na kurundikiwa mawe mazito hadi kukata roho. Ndivyo alivyokufa. Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu mwaka wa 1970, na kuna nyumba ya sala kwa heshima yake katika mtaa huo.

Si vichochoro vyote vilivyobahatika kukumbukwa hivyo. Mwendo mfupi kutoka Shambles palikuwa na Hungate, mtaa wa mabanda ambako familia nyingi zilichangia choo na bomba moja la maji. Mwaka wa 1899 Seebohm Rowntree, wa familia tajiri ya watengenezaji chokoleti, aliagiza familia za wafanyakazi mjini zichunguzwe nyumba kwa nyumba. Kitabu chake cha 1901 kilionyesha kuwa watu 20,302, zaidi ya robo ya wakazi wote, waliishi katika umaskini. Uingereza, iliyokuwa ikijigamba kwa himaya yake, ilishtuka.

Katika miaka ya 1930 Hungate ilibomolewa na watu wake wakahamishiwa nyumba mpya nje ya kitovu cha mji. Kiafya hilo lilikuwa jambo jema. Lakini Shambles nayo ilikuwa chafu na kuukuu, ikaachwa. Iliyokuwa na mbao za kale ilihesabiwa kuwa urithi. Ya matofali ya maskini ikahesabiwa kuwa takataka.

Hatari nyingine ilizuka mwanzoni mwa miaka ya 1970, halmashauri ilipopanga barabara kuu ya kuzunguka kuta za mji. Wakazi walipinga, na baada ya uchunguzi wa umma mpango huo ukatupiliwa mbali. Mwaka wa 1983 mwandishi Mark Jones alichapisha kitabu cha kuwaongoza watu vichochoroni, akavibuni jina "snickelways". Siku hizi wenyeji hulitumia kana kwamba ni la kale.

Leo hakuna muuza nyama aliyebaki Shambles. Maduka yake huuza peremende na zawadi za watalii. Hungate nako kumejengwa majumba ya kisasa ya ghorofa.